Pikipiki kuukuu yahitaji waya mpya, si balbu kubwa

Giza la Mara haliingii kwa hodi. Jua likizama karibu saa moja jioni, mtu aliyekuwa akiuona vizuri mti ulio mita mia mbili mbele yake anabakiwa na dakika ishirini hivi tu kabla mti huo haujamezwa na weusi wa usiku. Sisi tunaoishi karibu na mstari wa Ikweta hatukujaliwa jioni ndefu kama zile za Ulaya. Kwa hiyo mtumishi anayefunga ofisi yake mjini Musoma saa kumi na moja na nusu, akapitia sokoni, kisha akaelekea Butiama kwa pikipiki, mwendo wa kilometa kama arobaini, hapana budi aimalize safari yake kwa taa. Swali ninalotaka kuliuliza leo ni hili: kwa taa ipi?

Nauliza hivyo kwa sababu pikipiki nyingi zinazowabeba watumishi na walimu wa vijijini si mpya. Zipo za Kichina na za Kihindi zilizojaa barabarani, hasa tangu kanuni za mwaka 2010 zilipourasimisha usafiri wa bodaboda. Hizo zimekwisha kuzoeleka. Lakini zipo pia zile kuukuu, Honda, Yamaha na Suzuki za miaka ya 1970 na 1980, zilizonunuliwa kwa ajili ya mabwana shamba, mabwana mifugo, waganga na wakaguzi wa shule, zikatumika mpaka zikachoka, zikauzwa kwa mnada, na mpaka leo zingali zikinguruma Bunda, Kiabakari na Butiama. Sisi wenyewe tunazipenda. Fremu zake hazivunjwi na makorongo, na injini zake hufunguliwa na fundi yeyote mwenye spana nne na akili timamu. Mimi ninayo moja, Honda ya volti 6, niliyoinunua kwa mwenzangu alipostaafu. Injini yake sijapata kuilalamikia hata siku moja. Taa yake nusura inizike.

Usiku huo nilikuwa natoka Bunda naelekea Kiabakari. Mwezi haukuwapo. Mwendo wangu ulikuwa kilometa 50 kwa saa, mwendo ambao hakuna askari angenisimamisha kwa ajili yake. Mwanga wa taa yangu ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, nao ulipanda na kushuka kadiri nilivyovuta mafuta. Nyuma yangu likaja lori, na taa zake zilipoimulika barabara juu ya bega langu, ndipo nilipoona kwamba mbele yangu, hatua zisizozidi ishirini, ng'ombe watatu weusi walikuwa wamelala juu ya lami wakiota joto lililobaki la mchana. Nilikwepa, nikaishia mtaroni na goti lililochunika. Lori likapiga honi, likapunguza mwendo, likapita pembeni. Ng'ombe hata hawakuinuka.

Mwenzangu mmoja, mwalimu wa Hisabati, hakuwa na bahati hiyo. Taa yake ya mbele ilikuwa inawaka. Iliyokuwa imekufa ni ya nyuma, naye hakujua, maana hakuna mpanda pikipiki anayeiona taa yake mwenyewe ya nyuma. Gari dogo lilimgonga si mbali na Makutano. Dereva alisimama, akamsaidia kufika hospitali, akajipeleka mwenyewe polisi, na maelezo yake yalikuwa mafupi: hakuona kitu. Mimi ninamwamini. Paja la mwalimu yule lilivunjika mahali pawili, na shule yake ikakaa mihula miwili bila mwalimu wa Hisabati. Pikipiki ilipofunguliwa ikaonekana kwamba waya wa kahawia unaopeleka umeme kwenye taa ya nyuma ulikuwa umekatika chini ya kiti, mahali ambapo ulisuguliwa na chuma kwa miaka mingi. Ni waya ambao mtoto wa darasa la saba angeweza kuuunga kwa dakika tano.

Sasa, ndugu msomaji, tuitazame tabia yetu. Taa inapofifia sote hukimbilia dukani kununua balbu. Balbu mpya ikiwa nayo hafifu, tunanunua kubwa zaidi. Tunailaumu balbu kama vile mtu anayemlaumu mtoto kwa kukonda bila kuuliza chakula kinaishia wapi njiani. Katika pikipiki kuukuu, aghalabu balbu haina kosa. Umeme huzalishwa wa kutosha, lakini haufiki.

Walimu wa Fizikia wataniwia radhi nikilirudia somo lao. Chukueni balbu ya wati 35 katika pikipiki ya volti 6. Gawanyeni 35 kwa 6. Mkondo wake ni karibu ampea 6. Mkondo huo wote hauna budi upite katika waya mwembamba wenye umri wa miaka arobaini, katika swichi iliyoliwa na kutu, katika holda iliyolegea, kisha urudi ulikotoka. Ikiwa njia yote hiyo ina ukinzani mdogo tu, tuseme sehemu moja ya sita ya omu, volti nzima moja itapotelea njiani na balbu itabakiwa na 5. Mtu anaweza kusema kwamba volti moja katika sita si neno. Lakini balbu ya nyuzi haipungui mwanga kwa kiasi kile kile ambacho volti zimepungua. Hupungua kwa kasi kubwa mno. Ikikosa sehemu moja ya kumi ya volti zake, hupoteza karibu theluthi ya mwanga. Ikikosa sehemu moja ya sita, hupoteza karibu nusu. Ndiyo ile rangi ya chai ya maziwa.

Tena tuhesabu kusimama. Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, pikipiki husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Mtu anayeshtuka huchukua sekunde moja au moja na nusu kabla mkono na mguu wake havijagusa breki, na hapo amekwisha kula mita 20. Breki zenyewe, kwenye lami kavu, zitataka mita nyingine 20. Jumla ni mita 40. Ikiwa taa yako inakuonyesha mita 25, basi kila kitu kilicho kati ya mita ya 25 na ya 40 umekwisha kukubali kukigonga kabla hujaondoka nyumbani. Hesabu hii ni ya barabara yenye lami. Katika njia za changarawe za kutoka barabara kuu kuelekea vijijini, ama mvua za masika zinapokuwa zimenyesha, mita 20 za breki hazitoshi kabisa.

Na katika Mara vitu vya kugonga havikosi. Ng'ombe nimekwisha kuwataja. Upande wa Bunda barabara inapita karibu kabisa na Hifadhi ya Serengeti, pale penye lango la Ndabaka, na wanyama hawasomi vibao vya mipaka. Wakazi wa vijiji vya huko wanawafahamu tembo kwa sura, na fisi kila mtu amemwona akivuka. Wapo watembea kwa miguu wanaotoka minadani, baiskeli zisizo na hata kiakisi mwanga kimoja, na malori yaliyoharibika yakaachwa barabarani yakiwa yamewekewa matawi ya miti kuwa ndiyo ishara. Tawi la mti halimuliki. Linangoja kumulikwa.

Vijana wetu wamepata dawa yao, nami napenda kuisema waziwazi kwamba ni dawa mbaya. Wanafunga mbele ya pikipiki taa mbili au nne za diodi, nyeupe kama umeme wa radi, wakazitazamisha popote. Anayezipanda anaona vizuri sana. Anayekuja mbele yake haoni chochote kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo ndipo watu wanapokanyagwa. Aliyenunua taa hizo amejinunulia macho yake kwa kumpofusha jirani. Isitoshe, pikipiki kuukuu ina mtambo mdogo wa kuzalisha umeme. Kuna zinazotoa wati 50 au 60 tu kwa jumla, na humo humo zimo taa ya nyuma, taa ya breki, indiketa na kuchaji betri. Ukifunga balbu ya gari ya wati 60 mahali palipokusudiwa wati 35, unaikausha betri, unaichemsha swichi, na baada ya wiki mbili huna taa hata ile ya kwanza.

Hapa naomba niingize jambo ambalo si la pikipiki. Atakayeshuka ufukweni Musoma usiku usio na mwezi ataona ziwani mji mwingine mzima wa taa. Ni wavuvi wa dagaa. Zamani walivua kwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi wametoka huko wakaingia katika taa za diodi zinazolishwa na betri. Fundi aliyenisaidia mimi kule Nyasho alianza kujifunza kazi yake kwa kuwafungia wavuvi taa, wala hakupitia gereji ya pikipiki. Alinieleza kwamba mvuvi hadanganywi kuhusu waya. Betri yake ikiisha saa nane za usiku katikati ya ziwa, amepoteza mafuta, ujira wa wenzake na dagaa pia. Kwa hiyo mvuvi anajua kwamba waya unaopata joto unakula umeme, anajua kwamba kiungo chenye kutu ni mwizi, na hawezi kukubali waya uliounganishwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu. Mtumishi mwenye cheti na shahada huyakubali hayo yote katika pikipiki yake. Nilinyamaza aliponiambia hivyo.

Kazi yenyewe tuliifanya kwa siku mbili. Naieleza si kwa kujisifu, bali ili mwalimu ama mtumishi anayekwenda kwa fundi ajue la kudai.

Kwanza tulipima, kabla ya kukata waya hata mmoja. Mita ndogo ya kupimia volti, wanayoiuza katika maduka ya redio, ilitosha. Injini ikiwa inanguruma na taa imewashwa, tulipima volti zinazotoka kwenye koili, kisha zinazofika kwenye holda ya balbu. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo wizi. Yangu ilizidi volti moja. Fundi ambaye anaanza kubadilisha vitu kabla ya kupima anatibu malaria bila kupima damu.

Pili tuliangalia chanzo. Katika pikipiki nyingi ndogo za zamani taa kubwa hailishwi na betri. Hupata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye koili iliyo ndani ya injini, umeme wa mkondo geu, na ndiyo maana hufifia injini inapopunguza mwendo na kung'ara inapovutwa. Jambo hili lina maana kubwa, kwani ushauri wa kufunga relei na kuvuta waya mnene kutoka kwenye betri, ushauri ulio mzuri sana kwa pikipiki kubwa, unaweza kuiua betri ya pikipiki ndogo ambayo koili yake ya kuchaji ni dhaifu. Yangu ilikuwa ya aina hiyo. Tuliitoa koili ikasukwa upya kwa mizunguko mingi zaidi ya waya mwembamba zaidi, tukazitoa ncha zake zote mbili nje badala ya kuiacha moja imeshikamana na chuma cha injini, tukafunga regulata yenye kugeuza mkondo ambayo haiachii volti kuzidi 14 na ushei, na betri ya volti 12. Balbu zote zikabadilishwa kuwa za volti 12, kwani ya volti 6 ikiwekwa hapo hufa papo hapo.

Kwa nini volti 12? Turudi ubaoni. Balbu ya wati 35 kwa volti 12 huvuta ampea 3 tu, nusu ya zile za mwanzo. Katika waya ule ule, wenye ukinzani ule ule, upotevu wa volti nao unakuwa nusu, yaani nusu ya volti. Na nusu ya volti katika 12 ni kama sehemu nne tu katika mia, mahali ambapo mwanzoni zilipotea zaidi ya kumi na sita. Watengenezaji wa pikipiki walilijua hilo nao wakahama kutoka volti 6 kwenda 12 kadiri miaka ya 1980 ilivyosonga mbele. Sisi tuliobaki na za zamani hatukuhamishwa na mtu.

Tatu zikaja waya zenyewe, zile zinazoitwa na mafundi wayaringi. Tuliutoa mkanda wote wa zamani na kuutandaza sakafuni. Nilihesabu viungo kumi na kimoja vilivyosokotwa kwa mkono, kila kimoja kumbukumbu ya safari fulani. Shaba iliyokuwa ndani ilikuwa imegeuka rangi ya kijani. Tukaweka waya mpya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa zote, na mnene zaidi kwa njia kuu ya betri. Viungo tulivichomea kwa risasi au kuvibana kwa vibanio vyake, kisha tukavipaka mafuta mazito ya kuzuia unyevu, maana hewa ya ziwa ina hila zake. Mahali pa shingo ya pikipiki, usukani unapogeukia, tuliacha waya ulegee, kwa kuwa hapo ndipo waya uliokazwa hukatika. Tulihakikisha haupiti popote karibu na bomba la moshi wala hausuguliwi na tangi la petroli. Waya uliochubuka chini ya tangi la petroli si hatari ya giza tena.

Kuna kosa moja ambalo mafundi wengi hulifanya, nalo ni kuusahau umeme unaorudi. Taa ya mbele katika pikipiki nyingi hurudisha umeme wake kupitia fremu, na kutoka kwenye usukani kwenda kwenye fremu njia yenyewe ni gololi za shingo zilizojaa grisi. Mtu anabadilisha balbu, anabadilisha swichi, anabadilisha betri, na taa inabaki inacheza kila anapokata kona. Dawa ni waya mmoja wa kurudisha, kutoka kwenye holda ya taa moja kwa moja mpaka kwenye hasi ya betri. Katika Honda waya huo ni wa kijani, na katika Yamaha ni mweusi. Anayechanganya rangi hizi kwa kuazima wayaringi ya pikipiki nyingine anajitafutia moto.

Fyuzi je? Jumla ya taa zote zikiwaka pamoja na ile ya breki haifiki wati 70, yaani ampea zisizofika 6. Fyuzi ya ampea 10 yatosha. Nimewahi kukuta mahali pa fyuzi pamezungushiwa karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara. Mwenye pikipiki alijivuna kwamba hiyo haijapata kukatika. Kweli haitakatika. Itakayokatika kabla yake ni wayaringi nzima.

Wapo watakaoniuliza kwa nini sikufunga balbu ya diodi, ambayo hutumia umeme kidogo na kutoa mwanga mwingi. Sikatai. Kwa taa ya nyuma na ya breki niliifunga, na umeme uliookolewa humo ni faida. Lakini kioo cha taa ya mbele cha zamani kilichongwa kwa ajili ya nyuzi iliyo mahali fulani hasa. Diodi isiyokaa mahali pale pale hutawanya mwanga ovyo, juu ya miti na machoni mwa watu, hata kama volti zote zimefika. Anayetaka kuifunga na aijaribu ukutani kwanza, na mwanga wake wa dimu usipokuwa na ukingo ulionyooka airudishe dukani.

Na huko ukutani ndiko nilikotaka kuwafikisha. Taa yenye nguvu isiyoelekezwa ni nusu ya kazi. Simamisha pikipiki mita 10 kutoka ukutani, juu ya ardhi iliyo sawa, mwenyewe ukiwa umeketi juu yake. Pima urefu wa kitovu cha taa kutoka ardhini, chora mstari wa chaki ukutani kwa urefu huo huo, kisha wa pili chini yake kwa sentimita 10 hadi 15. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu hauna budi ukae kwenye mstari wa chini. Ukimpakia mtu nyuma, au gunia, nyuma itazama na mbele itainuka, na taa uliyoielekeza vizuri itaanza kuwachoma macho wanaokuja. Hapo ilegeze skrubu, ishushe. Tena jihadhari na taa kuukuu zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi zinazoendesha kulia: baadhi yake hurusha mwanga wa dimu juu zaidi upande wa kulia, ambako sisi tunaopita kushoto ndiko tunakokutana na wenzetu.

Wengine hudhani taa ni jambo la usiku tu. Mwaka 1992 nchi ya Malaysia, yenye pikipiki nyingi kama mvua, iliwaamuru wapanda pikipiki wawashe taa hata mchana. Watafiti waliofuatilia jambo hilo walikuta kwamba ajali za aina ile ambayo mwenzako hakukuona zilipungua kwa asilimia 29 hivi. Nchini Marekani nako Profesa Harry Hurt na wenzake walichunguza ajali za pikipiki zipatazo 900, na ripoti yao ya mwaka 1981 ikaonyesha jambo hilo hilo: dereva wa gari aghalabu husema hakuiona pikipiki, naye hasemi uongo. Pikipiki ya volti 6 yenye koili iliyochoka haiwezi kuwasha taa kutwa nzima. Ile iliyofungwa waya upya inaweza.

Najua pingamizi kubwa. Watasema: pikipiki kuukuu itupwe, inunuliwe mpya. Neno hilo ni jepesi kwa yule asiyelilipia. Mwalimu mwenye mkopo wa nyumba na watoto watatu shuleni hanunui pikipiki kwa sababu balbu yake ni hafifu. Mimi kazi yote niliyoieleza, pamoja na betri, haikufikia bei ya matairi mawili. Tena mpya nazo si malaika. Nyingi ya zile za Kichina zina injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1976, na waya zake nimeziona zikiwa nyembamba kuliko za Honda yenyewe. Baada ya miaka mitatu ya vumbi la Butiama zitataka matibabu yale yale.

Lililo zito zaidi ni hili. Zipo pikipiki za Serikali mikononi mwa waratibu wa elimu, maafisa ugani na watendaji wa kata. Fomu ya matengenezo inapojazwa, huandikwa oili, tairi, mnyororo, breki. Taa huandikwa ikiwa tu imekufa kabisa. Taa inayowaka nusu huhesabiwa kuwa taa nzima. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo kinachotembea usiku kiwe na taa, na mtumishi huyo anayo, kwa hiyo kila mtu karatasini yu salama. Ninapendekeza kwamba halmashauri zetu za Musoma, Bunda na Butiama ziagize kipimo kimoja cha ziada katika kila matengenezo: volti zinazofika kwenye holda, taa ikiwaka, ziandikwe kwa namba. Kipimo hicho huchukua dakika mbili. Wakala wa Ufundi na Umeme, unaotengeneza magari ya Serikali, una mafundi wanaoweza hilo wakiwa wamefumba macho. Pale Musoma kuna shule ya sekondari ya ufundi inayofundisha umeme, na vijana wake wangepata zoezi la kweli badala ya kuchora tu saketi ubaoni. Hata Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, ambayo kila mwaka hutuletea stika za kubandika kwenye vioo, ingeweza kutuletea ukuta mmoja na chaki moja katika kila mji.

Wala asidhani mtu kwamba naililia Serikali peke yake. Taa ya nyuma haikaguliwi na Serikali kila jioni. Mimi siku hizi kabla ya kuondoka huegesha kitako cha pikipiki karibu na ukuta, nikabana breki, nikageuka kuangalia wekundu ukutani. Ni sekunde tatu. Mwenzangu wa Hisabati, ambaye bado anachechemea, hufanya hivyo mara mbili.

Katika ukuta wa nyuma wa shule ninayofundisha bado imo ile mistari miwili ya chaki niliyoichora kwa ajili ya Honda yangu. Mwalimu mkuu alitaka ifutwe, kisha akaileta ya kwake. Ijumaa iliyopita baada ya masomo zilipangwa pikipiki saba pale, nne kati yake kuukuu kama yangu, na wanafunzi wa kidato cha tatu wakapita na mita wakiandika namba katika madaftari yao. Ya mwalimu mkuu ilipoteza volti moja na nusu kati ya betri na balbu. Wanafunzi waliirudia kuipima mara tatu, kwa kuwa hawakupenda kumwambia.